Mzee Filimbi na Treni Zisizosimama

Asubuhi ya kwanza treni ilipopita bila kusimama, Mzee Filimbi alikuwa amekwisha kunyoa ndevu, amefunga vifungo vya koti lake la kazi mpaka shingoni, na amesimama jukwaani mahali pake pa siku zote. Binti yake alikuwa akifungua kufuli la stoo ya vifurushi, mlango wa pili kutoka kidirisha cha tiketi. Alitega sikio asikie breki. Hakusikia breki. Behewa baada ya behewa likapita kwa kishindo, upepo ukamvua mzee kofia, na treni ikaenda zake.

Mzee aligeuka, macho yamemtoka.

"Imenipita," alisema. "Fundi, treni imenipita!"

Fundi ndilo jina watu wa mtaa walilompa binti huyo kwa sababu ya cherehani yake. Baba yake naye, tangu akili ianze kumpotea, alimwita hivyo hivyo, kama mteja yeyote.

"Haikukupita, Baba. Wamebadilisha ratiba. Twende ukanywe chai."

"Nimekosea nini mimi?"

Fundi aliokota kofia, akaipangusa vumbi, akamvika.

Mzee huyu aliingia stesheni ile kijana, mbeba mizigo, wakati pembeni mwa mji hapakuwa na kitu ila tanuri za matofali na nyumba za wafanyakazi wake. Reli ililetwa kwa ajili ya matofali. Watu walijazia nafasi tu. Kisha nyumba zikaongezeka, likajengwa jukwaa la pili, kikawekwa chumba cha kungojea chenye mabenchi marefu, na yeye akapanda ngazi moja moja mpaka akawa mkuu wa stesheni. Siku zile kila kitu kilipitia pale: magazeti, maziwa, barua, vifaranga kwenye maboksi yenye matundu, maharusi na majeneza. Mama mmoja alishikwa na uchungu akingoja treni, akajifungulia kwenye benchi, na mzee akaizuia treni mpaka mtoto alie. Mabosi walimkaripia kwa hilo. Mtaa ulimpenda kwa hilo hilo. Na filimbi yake, wanasema, ilikuwa ikisikika mpaka kwenye tanuri, watu wakimeza chai ya moto na kutoka mbio.

Kisha mambo yakaanza kwenda mrama. Mabehewa ya mizigo yaliondolewa kwanza. Stoo ya vifurushi ikabaki tupu, ndipo Fundi akaruhusiwa kuweka cherehani yake humo. Biashara yake aliibuni kwa mwendo wa treni: abiria anaacha suruali asubuhi akienda kazini, jioni anaikuta imepunguzwa, zipu imebadilishwa, pindo limepigwa pasi. Alimtunza mama yake mgonjwa kwa kazi hiyo, akamzika kwa kazi hiyo. Baadaye mzee akastaafu, kidirisha cha tiketi nacho kikafungwa, taa za jukwaani zikaungua zisibadilishwe. Lakini treni mbili zilisimama bado, ya asubuhi na ya jioni, na hizo ndizo zilizomshika baba yake.

Maana mzee, baada ya kufiwa na mkewe, alianza kusahau. Akasahau sufuria motoni, akasahau njia ya msikitini, akasahau kama amekula. Treni tu ndiyo hakusahau. Alikwenda kuipokea ya asubuhi, akaamkia watu, akarudi nyumbani ametulia kama mtu aliyemaliza kazi. Jioni vivyo hivyo, kisha akalala. Fundi alikuwa akisema moyoni kwamba maadamu treni zinasimama, yeye na baba yake wataivuka siku.

Sasa hazikusimama tena.

Abiria walihamia kwenye mabasi ya barabara kuu, na wateja wakaondoka nao. Cherehani ilishinda imefunikwa. Mzee naye hakuambilika. Alikwenda jukwaani alfajiri, akakaa mpaka jua la utosi, akipungia kila treni mkono, kisha akaanza kushuka na kuinama kuzikagua reli, akisema lazima kuna hitilafu. Mara ngapi Fundi alitupa mkasi na kukimbia kumvuta, roho mkononi!

Alimpigia simu mdogo wake aliyekuwa akifanya kazi mbali.

"Dada, mtafutie mahali pa wazee," mdogo wake alisema.

"Wapi? Wewe unapajua?"

"Mimi nasema tu."

"Basi usiseme tu. Njoo umkalie hata wiki moja nipumue."

Mdogo wake akasema mtandao unasumbua.

Fundi akapiga moyo konde, akavaa nguo yake nzuri, akaenda makao ya reli mjini. Bwana aliyempokea alikuwa mpole, tena alimkaribisha kiti, na upole huo ndio uliomvunja nguvu.

"Sitaki mturudishie kila kitu," Fundi alisema. "Treni moja tu, isimame hata dakika. Asubuhi tu."

"Mama, pale hakuna abiria."

"Abiria hawapo kwa sababu treni haisimami, bwana wangu."

Yule bwana alitabasamu kwa huruma, akashika tama. "Nakuelewa kabisa. Ila si mimi ninayeamua."

"Anayeamua ni nani nikamwone?"

Yule bwana alimsindikiza mpaka ngazini.

Baada ya safari hiyo, Fundi alianza kumfungia baba yake ndani. Alimwekea maji na chakula, akafunga mlango kwa nje, akaenda kusaka kazi nyumba hadi nyumba. Aliporudi alimkuta mzee amekaa sakafuni nyuma ya mlango, vidole vimechubuka kwa kuukwaruza ubao, koti limefungwa vifungo vyote.

"Mama," mzee alimwambia kwa adabu, kama alivyokuwa akisema na abiria, "nifungulie tafadhali. Watu wananingoja."

Uchovu wa miezi ukampanda Fundi kichwani mara moja.

"Hakuna watu, Baba! Hakuna treni! Stesheni imekufa! Mama amekufa! Wote wamekwenda, tumebaki mimi na wewe!"

Mzee alimtazama.

"Mke wangu amekufa?"

Fundi akaziba mdomo wake mwenyewe kwa mkono, lakini neno lilikwisha toka. Mzee alimlilia mkewe pale sakafuni kama habari ndiyo imefika, akiuliza amezikwa wapi, mbona yeye hakuitwa, nani alimwosha. Fundi alimkumbatia, akamjibu swali moja moja. Baada ya chakula mzee alikuwa amesahau. Fundi hakusahau, wala mlango hakuufunga tena.

Akawa anakwenda naye stoo, anamkalisha karibu na cherehani, anampa vitambaa avikunje. Siku moja mchana alikuja bibi mmoja kupima gauni. Fundi alikuwa amepiga magoti na pini mdomoni, akizunguka upindo, aliposikia honi ya treni. Honi ndefu, kisha breki, zikisaga chuma kwa chuma. Aligeuka. Kiti kilikuwa kitupu, na kipande cha bitana nyekundu kilichokuwa mezani hakikuwapo.

Pini zilimtoka mdomoni. Alikimbia.

Baba yake alisimama katikati ya reli, mikono juu, ameshika bitana nyekundu kama bendera, na treni ilikuwa imesimama mbele yake karibu kiasi kwamba aliweza kuigusa. Ndani ya mabehewa watu walikuwa wakipiga kelele. Mwanamke mmoja dirishani alikuwa akivuja damu puani. Dereva alishuka mbio.

"Mzee, unataka kuniua wewe! Unataka kuua watu!"

"Umepita stesheni," Mzee Filimbi alimwambia, kwa sauti ile ya zamani, sauti ya mkuu. "Kwa nini unapita stesheni yangu? Abiria wangu washuke wapi?"

Dereva aliketi juu ya kokoto akajishika kichwa.

Polisi walimsamehe mzee kwa sababu ya umri na hali yake. Watu wa reli hawakulaumiwa na yeyote kwa walichofanya baadaye: waliweka uzio wa waya pande zote za jukwaa, wakamtaka Fundi aondoe cherehani yake, na wakaitaka pia ile nyumba ya reli ambayo familia ilikuwa imeachiwa kwa hisani. Siku ya kuhama, majirani walikuja kubeba vitu. Kulikuwa na vichache. Mzee alipanda gari kwa furaha, akidhani anakwenda likizo.

Sasa wanakaa chumba kimoja nyuma ya soko, mbali na reli. Huko hakuna mlio wa kumpangia mzee siku yake, na siku zake zimechanganyika. Analala mchana, anaamka usiku na kuvaa koti, anatafuta mlango ulipo. Mara mbili amepotea sokoni. Mara ya pili wachuuzi walimdhania mwizi, wakampiga kabla mmoja hajamtambua.

Ndipo Fundi akashona mkanda. Aliutia sufi ndani usimkwaruze, akaupiga mishono miwili kila upande. Ncha moja humfunga baba yake kiunoni, ya pili hujifunga mwenyewe, kisha wanakaa barazani mwa duka moja hapo sokoni, yeye na cherehani, mzee kwenye stuli. Wapitaji hukodoa macho. Bibi mmoja alisimama akamwuliza kwa hasira:

"Mwanangu, baba yako mzazi unamfunga kama mbuzi? Huna haya?"

"Haya ninayo, bibi," Fundi alisema, bila kuacha kukanyaga cherehani. "Mtu wa kunishikia ndiye sina."

Yule bibi alitafuna maneno, akaenda. Mzee akainuka kwenda kazini. Mkanda ukavutika, mkono wa Fundi ukateleza, mshono ukapinda. Alimvuta baba yake taratibu mpaka akaketi, akachukua wembe, akaanza kuufumua ule mshono.