Chenso Ilipozima Kidahwe

Wiki iliyopita nilikuwa Kidahwe, inakokatwa miti ya kujengea vibanda vya wakimbizi. Msimamizi alikuwa akitusifia chenso, ule msumeno wa injini: "Hii inafanya kazi ya watu kumi!" Papo hapo ikazima. Petroli imekwisha, gari likatumwa mjini, Mwanga, kuifuata. Wanaume wote tukaketi kuizunguka chenso, tukiitazama kama wafiwa.

Mama mmoja mkimbizi akafungua mbeleko, akamkabidhi msimamizi mtoto, akaokota shoka.

"Mama, subiri petroli," msimamizi akamwambia.

Akatema mate viganjani. "Na mvua nayo itasubiri, baba?"

Gari liliporudi, mti ulikuwa chini na msimamizi bado anambembeleza mtoto.

Sikatai, chenso hufanya kazi ya watu kumi. Ila ikizima, watu kumi huzima nayo.