Mama Nyuma ya Goli

Glavu za kipa zikilowa mvua hunuka kama mbwa aliyelala nje. Wenzangu katika timu hunifukuza nazo chumbani, nami huzitundika dirishani, na kabla hazijakauka huwa nimesharudi kimawazo kwetu Kuresoi, kwenye baridi ile ya asubuhi ambayo ukiongea unayaona maneno yako yakitoka mdomoni. Glavu zangu za kwanza zilikuwa za sufu, za kuvaa shambani. Zilinuka vivyo hivyo.

Watu huniuliza nilichaguaje kuwa kipa, kazi ninayolipwa sasa. Sikuchagua. Nilikuwa darasa la sita, mrefu kuliko wasichana wote na mzito wa kukimbia, na Mwalimu Njoroge, aliyesimamia michezo shuleni, aliniambia nisimame katikati ya miti miwili ya goli nisitoke hapo. Nikasimama. Mpira wa kwanza ulinigonga tumboni nikakaa chini, na kila mtu akashangilia kwa sababu haukuingia. Nadhani ni hapo nilipoipenda kazi hii. Umeanguka, na watu wanakupigia makofi.

Baba hakufurahi. Alikuwa mzee wa kanisa, mtu mpole asiyepandisha sauti hata ng'ombe akiingia kwenye mahindi. Alisema tu kwamba nikimaliza darasa la nane nitaenda Molo kwa shangazi kujifunza kushona, na mtu wa kushona anahitaji vidole vyake. Mama hakubishana naye. Ila siku ya mechi yangu ya kwanza ya mashindano alivaa rinda lake la kanisani, akachukua kikapu, akaja uwanjani.

Shida ilikuwa pale aliposimama. Wazazi wengine walikaa kando ya mstari wa katikati, mahali unapoona uwanja wote. Mama aliwapita akaja kusimama nyuma ya goli langu, kama mtu anayengoja kuletewa mzigo. Tulipobadilisha upande kipindi cha pili, akabeba kikapu akanifuata. Wasichana walicheka, wakasema mama yangu hajui mpira, anafikiri ninacheza peke yangu. Nami niliamini hivyo, nikaona haya.

Halafu kile kikapu. Kilijaa viazi vilivyochemshwa na maganda yake, vya moto bado, vimefunikwa kitambaa, na chumvi kidogo kwenye karatasi. Aliwagawia wanaume waliosimama nyuma ya goli, hata mashabiki wa timu nyingine. Naweza kusema hasa wale wa timu nyingine. Mimi nimetoa macho nikingoja kona, huku nyuma namsikia mama akimuuliza mtu kama mvua imefika kwao. Alifanya hivyo kila mechi, kila mwaka.

Nikiwa darasa la nane tulifika fainali, tukapelekwa Bahati kucheza na shule moja kutoka Kabazi. Mwalimu Njoroge alituambia kwamba kuna mwalimu wa kike amekuja kutoka shule ya sekondari mjini Nakuru, anatafuta wasichana wa kuwasomesha bure wamchezee, na kipa ndiye anayemhitaji zaidi. Hakunitazama alipokuwa akisema, lakini nilielewa. Ilikuwa ni Nakuru au cherehani ya shangazi.

Asubuhi hiyo mvua ilikuwa imenyesha. Mpira mwepesi, wa kudaka huku umefumba macho, uliniponyoka, ukapita katikati ya miguu yangu ukaingia. Nilibaki nimepiga magoti kwenye tope. Nilipogeuka, nilimwona mama akicheka na mwanamume mmoja mwenye kofia nyekundu, shabiki wa Kabazi, wakimenya viazi. Sijui kama nimewahi kukasirika vile tena. Maisha yangu yameharibika, na mama anakula na watu waliotufunga.

Goli halikuwa na wavu. Mama aliufuata mpira kwenye nyasi, akaufuta tope kwa upindo wa rinda lake, akanipa.

"Shika," alisema. "Bado mnacheza."

Akarudi kwa wageni wake.

Tulishindwa kwa bao hilo hilo moja. Lakini baada ya pale hakuna kilichonipita, na nilidaka mipira ambayo mpaka leo sijui niliifikiaje. Yule mwalimu wa Nakuru alikuja nyumbani kuongea na baba. Alimwambia kwamba kila kipa hufungwa, na yeye alitaka kuona nitafanya nini baadaye. Baba alifikiri sana, kisha akauliza kama karibu na shule hiyo kuna kanisa. Lilikuwepo. Nikaenda, na mama akawa anakuja na kikapu chake hata kwenye mechi za huko.

Miaka ikapita, nikasajiliwa na timu ya wanawake inayolipa mshahara. Mechi yangu ya kwanza tulicheza ugenini, mbali, mama hakuweza kuja. Nyuma ya goli langu walijipanga wanaume, na tangu filimbi ya kwanza walianza. Walisema juu ya mapaja yangu, sura yangu, na kwamba mwanamume atakayenioa lazima awe kipofu. Wakati wa mapumziko nilikaa na chupa ya maji mkononi bila kuifungua. Sikuwa nimewahi kusikia maneno kama yale, na nilikuwa nimecheza tangu utotoni.

Nilipoenda nyumbani nilimkuta mama akipalilia viazi. Nikamuuliza kwa nini alikuwa akisimama pale nyuma.

Aliendelea kulima kidogo. Akanieleza kwamba kabla hata sijaanza mashindano, alipita uwanjani akitoka sokoni, akasikia maneno ambayo watu wazima walikuwa wakimwambia mtoto wa watu aliyekuwa akidaka golini. Msichana huyo alikuwa akilia huku akicheza.

"Nikasema wewe hutasikia hayo, Cherono," mama alisema. "Mtu akila viazi vyako, anaona haya kumtukana mtoto wako."

"Na yule wa kofia nyekundu?"

"Huyo alikuwa na mdomo mchafu kuliko wote. Huyo alikula nusu kikapu."

Nilichukua jembe la pili tukalima pamoja mpaka mwisho wa mstari. Utoto wangu wote nilijisifu kwamba nina moyo mgumu, kwamba nikisimama golini kelele za watu hazinifikii. Kumbe zilikuwa zikiishia kwa mama.