Palizi ya Ukingoni

Mtaani walimwita Mama Matope, na jina likamganda. Mjane, mtu mzima, anashinda na gauni lililolowa hadi magotini, kakumbatia beseni la mbegu za matete, mafunjo na nyasi za majini ambazo majirani hata majina hawakuzijua. Alizichanganya na mchanga mbichi zisipeperuke, akazimwaga ukingoni mwa ziwa, kisha akazikanyaga kwa miguu mitupu, maana mbegu za kinamasi zikifukiwa hazioti. Alitaka ukingo ushikane tena, maji yaache kupanda mtaani. Watu walimcheka hadi mbavu zikawauma. Hao hao ambao kila mvua ikinyesha walibeba magodoro kichwani!

Aliyeona haya kuliko wote ni bintiye wa pekee, msusi. Alihama nyumbani akisema amechoka kuitwa mtoto wa matope, na simu za mama akawa hapokei.

Mbegu zile zilitoka kwenye kinamasi cha mwisho, ng'ambo ya barabara. Baadaye kilimwagiwa kifusi, kikajengwa kituo cha mafuta. Kwa hiyo miche iliyochipua ukingoni ndiyo iliyobaki, na Mama Matope aliilinda kama mboni ya jicho.

Kisha akaugua, akalazwa hospitali. Aliporudi alimkuta binti mlangoni, kucha zake za rangi zina udongo, uso unang'aa.

"Mama, nisamehe. Nilikuwa mjinga. Twende nikuonyeshe kitu."

Wakashuka ziwani. Ukingo ulikuwa mweupe, msafi kama ua uliofagiwa. Kando lilikuwepo rundo la miche, imekauka juani.

"Ndago tupu, mama! Zilijaa kila mahali. Nimepalilia peke yangu wiki nzima, mgongo hauna hali. Sasa mbegu zako zitapata nafasi."

Mama Matope aliitambua miche yake. Maneno makali yalimjaa mdomoni, na yote yalikuwa ya haki. Miaka yote alikuwa ameomba mtoto huyu arudi, na sasa karudi na jembe mkononi. Akiambiwa ukweli ataondoka tena, na safari hiyo hatarudi.

"Umepiga kazi, mwanangu," akasema.

Aliokota mche mmoja, akausugua kati ya vidole. Ukawa unga.

Binti akamshika mkono. "Nitakuwa nakuja kila Jumamosi, mama. Zikiota nyingine, nang'oa."