Ukoo Mzima Ulipanda Lori Kusikia Jina la Hawara Wangu

Mwaka 1974 sikuwa na ng'ombe. Sikuwa na baiskeli, redio, wala bati hata moja juu ya nyumba. Kwa maelezo ya shangazi yangu, sikuwa na haya pia.

Hawara vilevile sikuwa naye. Hapo ndipo ukoo uliponikatalia.

Nilichokuwa nacho ni cheti cha shule ya jioni, chenye muhuri, mke wangu Epifania, na kifungua mimba wetu Valerian, mtoto wa wiki chache tu, kijijini kwetu nje ya Kahama.

Katekista alikuja kumwona mtoto. Akainama amwekee alama ya msalaba.

Maziwa yakachomoka mdomoni kama risasi. Yakavuka kitanda, yakatua kwenye miwani ya katekista.

Akaifuta, akasema amekumbuka ana mgonjwa mwingine.

Haikuwa mara ya kwanza. Mtoto ananyonya, anayarusha yote, halafu analia anataka tena, ana njaa kama mchimbaji aliyetoka shimoni. Utosi ulikuwa umebonyea. Ngozi imelegea kama koti la kuazima.

Shangazi Bernadina, dada mkubwa wa baba, alitoa hukumu kabla hajakaa.

"Huyu kabemendwa."

Kwa vijana msiojua: maana yake mzazi, na hapa walimaanisha baba, katoka nje ya ndoa, akarudi na joto la mwanamke mwingine, akamshika mtoto. Na kwa shangazi, dawa yoyote ni maji mpaka mwanamke huyo atajwe.

Kikao kikaitwa. Baba yangu, mzee Otmar, akakalia kigoda.

"Telesphori, taja."

"Baba, sina wa kumtaja."

"Ng'wana, mwanangu, hatukuulizi kama unaye. Tunauliza jina."

Jirani akajitolea kunisaidia. "Kuna mama muuza pombe kule Bugarama..."

"Bugarama sijawahi kufika!"

"Mnaona ujanja wake?" shangazi akadakia. "Hata kufika hajafika!"

Epifania alikuwa pembeni na mtoto, sauti imemwisha.

"Baba Valeri, taja yeyote. Nitakusamehe. Mtoto anaondoka huyu."

Hapo elimu ya jioni ikanisaidia. Nikasimama.

"Nitataja. Lakini mbele ya daktari wa misheni. Nataka shahidi msomi."

Jamani! Watu waliokuwa wanasema hospitali iko mbali, ghafla kila mmoja akajua njia ya mkato. Tukamfuata Jashvant, mfanyabiashara aliyekuwa anapakia pamba kwenye lori lake.

"Wagonjwa wangapi?" akauliza.

"Mmoja."

"Na hawa wote?"

"Wasikilizaji."

Akacheka, akafungua bodi.

Hospitalini, Daktari Mageni alimtundikia mtoto dripu, akaweka vidole tumboni. Tumbo lilikuwa linatembea mawimbi.

"Kipo," akasema. "Kiuvimbe kigumu, kama njugu mawe."

"Taja sasa," shangazi akaninong'oneza.

Daktari akatueleza. Chakula kina mlango wa kutokea tumboni kuingia kwenye utumbo. Mlango huo umezungukwa na msuli. Wa Valerian ulikuwa umenenepa mno, njia ikabanwa, maziwa yakakosa pa kwenda isipokuwa kurudi. Angeuchana msuli kwa nje, asiguse utando wa ndani, njia ifunguke.

"Aliyesababisha ni nani?" baba akauliza.

"Kwa nini msuli unanenepa, sayansi bado inatafuta. Tunajua huwapata zaidi watoto wa kiume, hasa kifungua mimba. Na hutembea kwenye damu ya ukoo. Uzinzi haumo. Nani mwingine kwenu alitapika hivi?"

Shangazi akakaa sakafuni polepole.

"Otmar. Wewe."

"Mimi?"

"Ulikuwa unarusha mpaka mlangoni. Mama akakulisha matone, kutwa kucha, ukaanza kupata nafuu. Lakini baba yetu alishasema mama kachepuka. Akamrudisha kwao Runzewe. Na ulipopona akasema, mmeona? Malaya kaondoka, mtoto kapona."

Baba alikuwa amekua akiambiwa hivyo. Hakuwahi kwenda hata kumsalimia mama yake, bibi Salvina. Na bibi alikuwa bado hai, huko Runzewe.

Valerian akapasuliwa. Siku iliyofuata akanyonya kidogo. Tukasubiri, tumekodoa macho kama walinda shamba. Maziwa hayakurudi. Epifania akacheka mpaka machozi yakamtoka.

Jirani, aliyeacha shamba lake kuja nasi, akanivuta shati.

"Sasa jina?"

"Otmar," nikasema.

Baba alisikia. Hakunikemea.

Ninyi mnaosoma kwenye simu, sikieni: mtoto akirusha maziwa hivyo, kimbieni hospitali. Kesi ya ndoa inaweza kungoja. Mtoto hawezi.

Baba hakujua kuandika. Jioni, kwenye benchi la wodi, alinitajia maneno nami nikayaandika. Alianza na maelezo marefu ya ukoo, akaniambia niyafute yote, yakabaki haya:

"Mama, shikamoo. Ni Otmar. Ugonjwa ulikuwa wangu. Nakuja kukuchukua, ukikubali."

Nikalamba gundi, nikaifunga bahasha. Baba akaichukua, akaibana tena kwa kidole gumba, kingo zote, kisha akampa kondakta wa basi la Runzewe.