Seva Isiyojulikana kwa Wenzake

Hospitalini walimwita Mama Seva, na jina likamganda hata mumewe, kinyozi wa maneno mengi, akalihamishia nyumbani. "Mke wangu analipwa kuita mahudhurio ya masanduku," aliwaambia wateja wake, wembe ukiwa shingoni mwao, nao wakacheka bila kutikisa kichwa.

Hakuwa mbali sana na ukweli. Hospitali ilikuwa na seva tatu, kompyuta za kutunza kumbukumbu za wagonjwa: moja wodi ya wazazi, ya pili kliniki ya watoto, ya tatu maabara. Zilitakiwa kuwa kundi moja, kiasi kwamba kinachoandikwa kwenye moja kinaonekana papo hapo kwa nyingine. Kila seva ilikuwa na taa ya kijani usoni. Taa ile ilisema seva iko hai, basi. Haikusema kama wenzake wanaitambua.

Tofauti hiyo Mama Seva aliijua tangu utotoni. Mama yake alifanya kazi ya zamu kiwandani, naye, kifungua mimba, ndiye aliyewakagua wadogo zake kabla ya kufunga mlango. Akiuliza, "Mko wote?" waliitikia "Ndiyo!" kwa kishindo, hata siku ambayo mmoja wao alikuwa bado anacheza kwa jirani. Akabadilisha swali. Akawa anamwendea mmoja mmoja: "Nani yuko kando yako?" Swali hilo halikujibika kwa kelele.

Ndivyo alivyokiunda kifaa chake cha ukaguzi, programu fupi aliyoiandika akiwa ameshatimiza umri wa miwani. Hakikuiuliza seva kama iko hai. Kiliiuliza: wenzako ni nani?

Alikijaribu kwa mara ya kwanza asubuhi moja, siku kadhaa baada ya radi kukata umeme mjini. Maabara ikaitaja kliniki. Kliniki ikaitaja maabara. Wodi ya wazazi ikajitaja yenyewe, ikanyamaza.

Alirudia. Jibu likawa lile lile. Umeme uliporudi, seva ya wazazi ilikuwa imeamka na anwani mpya, na zile mbili zikaiondoa kwenye usajili wao bila kumwambia mtu. Nayo iliendelea kufanya kazi peke yake, taa yake ikiwaka kijani kibichi.

Mkuu wa kitengo cha kompyuta, mwanamume mcheshi aliyepitia pale kutafuta kikombe chake, alichungulia begani kwake.

"Kumbe ni hilo tu? Isajili upya, dada, tukanywe chai."

Mama Seva alikwisha kuandika amri. Kidole kilikuwa juu ya kitufe. Hapo ndipo alipoukumbuka utani aliousikia jana pale kliniki, muuguzi mmoja akiuliza kama akina mama siku hizi wamegoma kuzaa, maana hakuna mtoto mpya anayeonekana kwenye skrini. Akakiondoa kidole polepole, kama mtu aliyegundua kwamba anachotaka kukikanyaga kinapumua.

"Bosi, nikiisajili sasa hivi nitawafuta."

"Utawafuta kina nani?"

"Watoto. Seva inayoingia kundini inaingia kama mgeni. Inavuliwa ilichokuja nacho, inavishwa cha wenyeji. Na wenyeji hawana habari ya mtoto yeyote aliyezaliwa tangu radi ile."

Mkuu alianza kucheka, kisha akavuta kiti akaketi. Hakuitaja chai tena.

Mama Seva alinakili kila kitu kwenye diski ya mkononi. Akaifungua nakala, akasoma, akailinganisha na asili, akasoma tena. Uzito. Kundi la damu. Wengi hawakuwa na majina bado. Waliandikwa mtoto wa fulani, wa kike, wa kiume. Walikuwa wamelia, wamenyonya, wamebebwa kwenda kwao, na hospitali ilikuwa bado haijawajua.

Ndipo akaisajili seva. Simu ikalia mara moja. Alikuwa mkuu wa wodi ya wazazi, mama mnene wa sauti ambaye hata madaktari walimwita Shangazi.

"Wewe! Watoto wangu wako wapi? Skrini imebaki nyeupe kama shuka!"

"Ninao mkononi, Shangazi."

"Mkononi? Una mikono mingapi?"

"Nipe dakika chache tu."

"Wakipotea nakufuata huko huko, na kandambili zangu hizi!"

Akairudisha nakala. Wa kwanza akatokea kwenye seva ya wazazi, na kabla Mama Seva hajapepesa jicho, mtoto alikuwa yuko kliniki, yuko maabara. Akafuata wa pili. Kisha wakaja kwa mfululizo, wakipita ndani ya nyaya zilizolala kimya chini ya ua ambao watu walikuwa wakiuvuka na ndoo na magongo yao, bila kujua nini kinapita chini ya nyayo zao. Kazi hii aliifanya miaka mingi. Hakuwahi kuiona hivi. Mkuu wa kitengo alikuwa amevua kofia, na hakuonekana kujua kwamba ameivua.

Mama Seva alikiendesha kifaa chake tena. Kila seva ikawataja wenzake wawili.

Akavuka ua mpaka kliniki kuhakikisha kwa macho. Yule muuguzi wa utani alikuwa ameinama kwenye skrini, utani umemtoka.

"Huyu aliyezaliwa na umanjano wa macho," alisema bila kugeuka, "alitakiwa arudi kupimwa jana. Mbona sikumwona kwenye orodha?"

Hakusubiri jibu. Alikuwa tayari anapiga simu.

"Halo? Mama mtoto? Macho yake yakoje leo... Yamezidi? Mlete sasa hivi, mama. Hapana, usisubiri kesho. Tunakungoja."

Kutoka kwenye simu, nyuma ya sauti ya yule mzazi, Mama Seva alimsikia mtoto mwenyewe akilia.