Betri Haziharakishwi: Meza ya Mama Taratibu

Saa mbili na nusu asubuhi, Mama Taratibu anafuta meza yake kwa kitambaa kikavu, anaweka kigae cheupe katikati, kisha anavaa miwani. Watu watano wako kwenye foleni, kila mmoja na sigara yake ya umeme mkononi. Hakuna anayevuta. Kibao cha ukutani kinawaambia: "Mvuke uache nje, betri ilete ndani."

Wa kwanza ni mlinzi wa benki. Anatoa betri ya ukubwa wa kidole gumba. Mama Taratibu anaigeuza kwenye mwanga, anapitisha ukucha ubavuni.

"Hii imelala na funguo," anasema.

"Umejuaje, mama?"

"Ngozi yake imechunika. Lala wewe na funguo usiku kucha, uone kama utaamka mzima."

Foleni inacheka. Anaivua betri ile ngozi ya plastiki iliyochanika, anaivalisha mpya, anaipuliza kwa hewa ya moto mpaka inabana. Halafu anaifuta vichwa kwa pamba yenye spiriti na kuipima kwa mita ya umeme. Ndipo anaipandisha kwenye chaja, juu ya kigae. Mlinzi ataichukua mchana. Hapa hakuna chaji ya dakika kumi, na ndiyo maana ya jina lake.

Ana miaka hamsini na miwili, mama wa watoto wawili waliokwisha kujitegemea. Hajawahi kuvuta sigara ya aina yoyote. Hata hivyo, kwa siku hupokea betri kati ya thelathini na arobaini, na anachopata kwa siku tatu kinalingana na mshahara wake wa wiki nzima alipokuwa dobi.

Udobi aliufanya kwa miaka kumi na mmoja. Ulikatika asubuhi moja, kwa sababu ya suruali ya kijivu.

"Nilikuwa nakagua mifuko kama kawaida," anasimulia. "Nikagusa kitu cha moto. Kabla sijakitoa, mfuko ukaanza kupiga mluzi kama birika."

Mfukoni mlikuwa na betri, funguo na sarafu. Chuma kilikuwa kimeunganisha vichwa vya betri na umeme wote ukageuka joto. Aliinyakua suruali kwa koleo la mbao, akakimbia nayo hadi kwenye sakafu ya saruji uani. Meza ya kupigia pasi iliungua kona moja. Yeye aliungua kifundo cha mkono, na kovu bado lipo.

Mwenye duka la udobi alimwambia, "Nenda nyumbani dada, nitakuita." Hakumwita.

Siku ya nne mtu alibisha hodi kwake. Alikuwa fundi redio mmoja, mwanamume mrefu ambaye wenzake humwita Mawimbi. Alikuwa ameuliza nyumba kwa nyumba mpaka akafika.

"Dada, mimi ndiye mwenye suruali."

"Karibu. Umekuja kudai suruali au tundu?"

Mawimbi anacheka hadi leo akikumbuka. "Nilitamani ardhi inimeze," anasema. "Fundi mzima, najua umeme tangu sijaota ndevu, halafu naweka betri na funguo mfuko mmoja. Nilimwambia ukweli: sina kazi ya kukupa, ila nina nusu ya meza."

Alikuwa amehamia sigara ya umeme ili aachane na sigara za kawaida alizovuta kwa miaka thelathini. Wenzake wengi walifanya hivyohivyo, na wote walichaji ovyo: chini ya mto, juu ya godoro, kwa chaja yoyote inayoingia. Mama Taratibu alikaa kwenye ile nusu meza miezi miwili akijifunza mita, kisha akaanza kupokea betri za majirani.

"Kufua kumenisaidia," anasema. "Kitambaa ukikiharakisha kinaharibika. Betri nayo ina tabia zake. Haipendi joto, haipendi kushiba kupita kiasi, wala haipendi kuachwa na njaa mpaka ikazimia."

Zamu imefika ya mwalimu wa hesabu, ambaye kifaa chake hutumia betri mbili. Mama Taratibu huzitia alama betri za namna hiyo kwa rangi ya kucha, kila jozi rangi yake. Leo mwalimu ameleta moja nyekundu na moja ya kijani.

"Mwalimu, huyu mke wa nani?"

"Nadhani tumebadilishana na shemeji yangu jana."

"Basi mrudishie mwenyewe. Wa rangi moja walinunuliwa pamoja, wanachajiwa pamoja, wanapumzika pamoja. Ukimfunga mchovu na mwenye nguvu, mchovu ataburutwa mpaka apate joto."

Mwalimu anaondoka akitabasamu, mkono mfukoni, kumtafuta shemeji.

Mwaka jana meza hii nusura iondolewe. Kwenye ghorofa ya juu ya jengo hili kuna karakana ya ushonaji yenye vyerehani kumi na vinane, na msimamizi wake, mama mmoja mwenye sauti nzito, aliteremka na kusema wazi kwamba vitambaa na moto havikai nyumba moja. Alimpa siku saba ahame.

Mama Taratibu hakubishana. Alimwambia, "Dada yangu, shuka ukae nami siku moja. Ukiona uzembe, nitakunja meza mwenyewe."

Msimamizi alishuka na kiti chake. Saa sita mchana akaja kijana aliyevaa tai, ana haraka, betri yake imevimba ubavuni. Alitaka chaji kidogo tu. Mama Taratibu alikataa, akamwomba aiache kwake. Kijana akasonya, akaenda nayo kwenye kibanda cha kuchajia simu upande wa pili wa ua.

"Moyo wangu haukutulia," anakumbuka. "Nikachukua koleo na ndoo ya mchanga, nikamfuata."

Alifika betri imeanza kutoa moshi juu ya kaunta. Aliwaambia watu wasogee, akaitoa kwa koleo hadi katikati ya ua, akaifukia mchangani. Ilifoka, ikatulia. Hakuna aliyeumia. Kijana mwenye tai alikaa chini kwenye ngazi, akaletewa maji.

Msimamizi alikuwa amesimama nyuma yao, tepu ya kupimia ingali shingoni.

"Nilikuja kumfukuza," anasema. "Nikapanda juu nikawaambia wenzangu: huyu akihama, nasi tuhame."

Wiki hiyohiyo mafundi wake wa cherehani walianza kushona vifuko kwa mabaki ya vitambaa, kila kimoja na vyumba viwili, ili betri isikutane na funguo wala na mwenzake. Vinauzwa hapo mezani. Vya maua vinakwisha kwanza, hata walinzi wanavigombea.

Mchana Mawimbi anatoka nyuma ya redio zake na kikombe cha chai. Ana miezi saba sasa bila kuvuta chochote. Alipunguza kidogokidogo, na siku alipomkabidhi Mama Taratibu kifaa chake, mama aliwanunulia wote kwenye foleni soda.

"Alipoteza mteja wake wa kwanza," Mawimbi anasema, "akafurahi kama aliyeoza binti."

Tangu hapo wengine tisa wameacha. Betri zao zilizo nzima hazitupwi. Mawimbi huzipima, huziwekea kibao kidogo cha umeme cha kuzilinda zisizidishe joto, kisha hutengeneza nazo taa ndogo za mezani. Nne zimeshakamilika.

Mama Taratibu anaiwasha moja mbele ya mwandishi wa makala haya, anaiinamisha kidogo. Mpango wake ni kuzipeleka kwenye zahanati ya jirani, ambako umeme ukikatika wakunga huzalisha kwa mwanga wa simu. Mkunga mkuu ameomba sita. Zikifanya vizuri, atataka ishirini.

"Kwa hiyo nawaombea wateja wangu waache," anasema, akipangusa kioo cha taa kwa kona ya kanga. "Wakiacha watatu, chumba kimoja kinapata taa. Wakiacha wote, mimi nitatafuta kazi nyingine, na watoto watazaliwa wakiona nani amewapokea."