Fimbo Zimetimia

Majivu yalianza kuangukia uwanja wetu wa Kavimvira kabla wageni hawajafika. Kila kiangazi watu wa milimani walichoma nyasi ili zichipue upya mvua itakaporudi, lakini mwaka ule walianza mapema. Mama alifagia asubuhi, na kabla ya chakula cha mchana uwanja ulikuwa mweusi tena. Ziwa lilifunikwa na moshi hata ng'ambo haikuonekana. Baba alisimama mlangoni akitazama juu.

"Mwaka huu moto iko na haraka," alisema.

Ilikuwa kabla ya uhuru, nami nilikuwa katika mwaka wangu wa mwisho wa shule, ule wa tano. Shangazi, dada ya baba, alikuja kutoka Usumbura, ng'ambo ya ziwa, kupitisha vakansi ya shule kwetu. Alikuja na binti yake, aliyenizidi umri kidogo, na majirani zake waliotaka kuona milima ambayo kila siku waliitazama kutoka upande wao. Bibi yetu aliishi juu, nyuma ya mgongo wa kwanza wa milima. Kwa hiyo kiangazi kile tulipanda na kushuka, tukiwa na mihogo na ndagala, dagaa wa ziwani, vichwani tunapokwenda, na maharagwe tunaporudi.

Lazima nieleze jambo la fimbo. Kwetu watu hawahesabiwi. Ukihesabu watu njiani unaonyesha wa kuchukuliwa, ndivyo bibi alivyotufundisha, na mimi mpaka leo sitasema tulikuwa wangapi. Tulichofanya ni hiki: kila mmoja alikata fimbo yake chini, na kila tulipopumzika aliiegemeza kwenye mwamba. Aliyeongoza alizitazama fimbo, si watu. Zikiwa sawa alisema, "Zimetimia," tukaendelea. Fimbo zinahesabika. Siku ninayoisimulia zilikuwa kumi na nne.

Ilikuwa safari yetu ya tatu. Baba alituamsha mapema akatuambia tusikawie, kwa sababu mchana upepo hutoka ziwani na kupanda mlima, na moto hupanda nao. Ilitupasa tuwe tumemaliza mteremko wa nyasi ndefu kabla ya upepo huo kuanza. Kila mtu alisikia. Mimi pia nilisikia.

Binti wa shangazi alikuwa na viatu vipya vya raba. Katika safari mbili za kwanza alifika wa mwisho, na watu walimcheka. Fundi cherehani, rafiki ya baba, ndiye aliyemsumbua zaidi.

"Mutoto ya Usumbura, miguu yako inajua barabara tu! Huku hakuna kiti ya kungojea."

"Weye fundi, chunga suruali yako," alimjibu. "Ni nani alikushonea? Mbona iko inapasuka nyuma?"

Watu walicheka mpaka mizigo ikayumba, na fundi akajishika nyuma kuhakikisha. Shangazi hakucheka.

"Leo ukibaki nyuma tena," alimwambia binti yake, "safari ingine utabaki chini na wifi yangu, unasonga ugali. Sitaki aibu."

Nilimwona akibadilika uso. Alipenda sana kupanda. Alikuwa ameniambia kwamba kule juu ndiko mahali pekee ambapo mama yake alitembea bila kumkumbusha jambo.

Njia ilikuwa nyembamba, nyasi zikitupita vichwa, na tulikwenda mmoja mmoja, kwa hiyo ulimwona tu aliye mbele yako. Mimi niliwekwa mwisho, naye mbele yangu. Mlimani upande wa kulia palikuwa na mabaka meusi yaliyoungua jana, bado yakitoa moshi. Mwewe wengi walizunguka juu yake. Mwewe hufuata moto kula panzi wanaokimbia. Nilijua hivyo, ila sikupenda jinsi walivyokuwa wanasogea kuja upande wetu.

Tulipofika kwenye kijito kilichokata njia, binti wa shangazi alikaa akavua viatu. Visigino vilikuwa vimechunika, vinatoka damu.

"Twende," nilimwambia.

"Ngoja niweke miguu mu maji. Weye tangulia." Akaninyooshea fimbo yake. "Uweke na yangu pale mwambani, Mama asinipigie kelele. Niko nyuma yako."

Niliichukua. Sikufikiri sana. Nilifikiri juu ya kelele za shangazi tu.

Mwamba wa kupumzikia haukuwa mbali. Wengine walikuwa wametua mizigo, wengine wamelala chini. Niliegemeza fimbo yangu, kisha, mahali pengine kidogo ili isijulikane ni mimi, niliegemeza yake. Baba alizipitia kwa macho.

"Zimetimia," alisema.

Hapo ndipo ilinipasa niseme. Nilikuwa na nafasi ya kusema wakati watu walipokuwa wanafunga ngata zao, na tena wakati shangazi aliponipita akanigusa bega. Nilitazama nyuma nikaona nyasi tu. Nikajiambia atatokea sasa hivi. Kila mtu alichukua fimbo yake, na mimi nikachukua mbili, nikaificha moja kando ya mguu. Tukaenda.

Tulitembea kipande kizima hivyo. Kisha nikausikia upepo mgongoni, na nyuma ya upepo sauti kama mvua inayoanza kunyesha juu ya mabati. Nilikuwa na akili ya kutosha kujua kwamba mvua haikuwa na kazi mwezi ule.

Nilipiga kelele. "Baba! Fimbo yake ni miye niliweka! Hayupo!"

Msafara wote ulisimama. Baba alirudi akipita watu.

"Tangu wapi?"

"Tangu kijito."

Hakunipiga. Alitupa mzigo akakimbia kushuka kupitia mabaka meusi, na fundi akamfuata. Shangazi alitaka kwenda, majirani zake wakamshika, wakatusukuma wote kwenye ardhi iliyokwisha kuungua, kwa sababu moto haurudi huko. Tulisimama kwenye majivu ya moto, tukiangalia nyasi tulizotoka kupita zikiondoka.

Angekaa kijitoni angepona. Pale mawe ni mengi na maji yapo, na moto ulipita kando. Lakini alikuwa ametoka majini kutufuata, peku, viatu vimefungwa shingoni, kwa sababu fimbo yake ilikuwa imekwisha kutangulia na alitaka kuifikia. Baba alimkuta njiani, zaidi ya nusu ya kufika mwambani. Walimbeba mpaka kwa bibi. Hakuwa ameungua sana, moshi ndio uliomwingia. Alikata roho kabla jua halijazama, na tukamzika kule juu kesho yake.

Watu wazima walisema ni moto. Fundi alisema ni yeye, kwa kumcheka. Shangazi hakusema ni nani.

Siku ya kushuka, fimbo zilikuwa zimeegemezwa kwenye ukuta wa bibi kama kawaida, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuchukua yake. Shangazi ndiye aliyeanza. Alichukua mbili. Tulipita katika weusi mtupu, na sasa tungeweza kuonana wote, mbele na nyuma, hapakuwa na jani la kumficha mtu.

Pale mwambani watu waliegemeza fimbo zao. Shangazi alinijia akanipa ile ya binti yake.

"Uiweke," alisema. "Zitimie, watu washuke."

Sauti yake haikuwa kali. Labda alikuwa ananisaidia. Labda alishindwa tu kuvumilia kuuona mwamba na pengo lile. Nilikuwa mtoto wa kutii, na sikuwa nimemkatalia shangazi kitu chochote maishani mwangu.

"Hapana, Shangazi," nilisema. "Niliiweka mara moja."

Nikabaki nimeishika mkononi. Baba alizipitia fimbo kwa macho, pole pole, mwanzo mpaka mwisho, kama alivyofanya siku zote, na watu wote wakimngoja.

"Hazikutimia," alisema.

Kisha akauinua mzigo wake, na tukashuka.